Mama Mkwe Hajatoa Mbegu

"Nyinyi mnangoja Roho Mtakatifu aje na jembe?"

Ni jirani Wesley huyo, aliyekwisha kupanda shamba lake lote, akimcheka Edith kutoka upande wa pili wa ua wa makonge.

Edith alimeza jibu, maana halikuwa la Kikristo. Mvua ya Machi ilikuwa imenyesha siku nne na udongo umelainika kama ugali wa wimbi. Lakini kwa Waluo, mke wa mwana hatii mbegu ardhini kabla mama mkwe hajatoa yake. Golo kodhi, ndivyo wanavyoita. Ukimtangulia, chira, laana ya kuvunja mwiko, itaanza na watoto wako. Edith alikuwa ameokoka, ila hakutaka kumjaribu Mungu kwa watoto watano. Mwaka jana walichelewa kupanda, wakala uji wa muhogo mpaka Krismasi.

Kila asubuhi mama mkwe, Susana, alisimama langoni, kiganja juu ya macho, akitazama kusini, upande wa Masara.

"Mama, tupande?"

"Bado, nyar Kamagambo," Susana alimjibu binti huyo wa Kamagambo. "Mawingu ya Tanzania hayajakaa sawa."

Kesho yake ikawa ni siafu. Keshokutwa yake, ndege fulani hakulia. Mzee wa kanisa alikuja kumwonya juu ya ushirikina. Susana akamwuliza kama Nuhu alikuwa na redio. Mzee akamaliza chai, akaaga.

Bwana shamba naye akaja na pikipiki. Kerosi, kijana wa Kisii, viatu vinang'aa.

"Mama, redio imesema pandeni!"

"Redio ina shamba wapi?"

Siku chache baadaye mvua ikakatika. Jua likawaka wiki tatu, jua la kukaanga omena. Mahindi ya Wesley yalichipua, yakanyauka, yakalala. Wesley mwenyewe akawa anapitia njia ya mtoni.

Mvua iliporudi Aprili, ilirudi na Kerosi, safari hii na daftari. Kijiji kizima kikajaa uani, Wesley nyuma kabisa.

"Mama, tufundishe," Kerosi alisema. "Elimu hii isipotee."

Susana akakaa kwenye kigoda, akafundisha. Mawingu. Siafu. Ndege.

"Huyo ndege anaitwaje?"

"Ana haya. Hajaniambia."

Kerosi akaandika hata hilo. Edith, jembe mkononi, kanga kiunoni, kwa mara ya kwanza aliona fahari kuolewa katika boma lile. Akamsamehe mama mkwe asubuhi zote zile.

"Leo sasa tupande, mama?"

"Bado kidogo," Susana alijibu, macho langoni.

Hapo akaingia wifi yake Edith, Rael, aliyeolewa Masara, furushi kichwani, matope hadi magotini. Edith alimkimbilia, akamwingiza jikoni kumtua. Mama mkwe akawafuata kwa mwendo ambao magoti yake yalikuwa yameukataa tangu mwaka juzi.

"Nisamehe, mama, nimekuchelewesha mwezi mzima," Rael alisema, akihema. "Mbegu ulizoniagiza ndizo hizi. Lakini zako, mama, kweli ulizipika zote na maharagwe, ukala?"

"Punguza sauti," Susana alisema, akifungua furushi. "Bwana shamba bado anaandika."