Mshale wa Geji

Tulikuwa tunaijaribu nguzo ya msingi pale Mwembesongo. Juu yake tulipanga tani sitini za vitalu vya zege kwenye jukwaa la chuma, na Mwinshehe alijilaza chini ya jukwaa hilo akinisomea geji, ile saa inayoonyesha nguzo imezama milimita ngapi.

"Mshale umegoma, mzee. Nguzo haizami."

Tajiri aliyenunua serikalini kiwanda tulichokuwa tunakipanua akapiga makofi. "Imefika mwamba! Ongezeni tani kumi, tumalize."

Niliandika, kisha kalamu ikasita. Tulipoipigilia ardhini, nguzo hii ilikomea mita nne. Nyingine zote zilishuka kumi na moja. Mwamba hauchomozi chini ya nguzo moja tu. Hili lilikuwa jiwe lililoporomoka zamani kutoka milima ya Uluguru, likazama kwenye tope; likizidiwa uzito lingeteleza.

"Subiri, bosi. Mwinshehe atoke kwanza."

"Nyie watu wa mashirika ya umma," akacheka, "kazi yenu kusubiri!"

Vibarua nao wakacheka. Miaka thelathini kazini, na masomo ya jioni juu yake, halafu nichekwe na vibarua. Niliinua mkono kutoa ishara, winchi ikashusha zege.

"Mbili," Mwinshehe alisoma. "Tatu. Mzee, mshale unakimbia. Sita. Mzee!"

Chuma cha jukwaa kililia. Mkono wangu ulikuwa bado uko juu.