Sahani ya Mgeni

Siku ya wazazi kuonja chakula cha shule, Nthenya, mpishi wa nyumba moja kubwa katika mtaa wa Loresho, aliletewa sahani ofisini. Maharagwe yalikuwa yaking'aa kwa mafuta, na juu yamenyunyiziwa majani ya dania kama ya harusi. Dania! Kwa watoto mia nane?

"Kula, mama, usione haya," mwalimu mkuu alimhimiza, akitabasamu kama muuza ploti.

Nthenya aliibeba sahani hadi uwanjani, akaketi kando ya bintiye wa gredi ya tatu. "Tubadilishane, mami," alimwambia.

Mtoto alilikumbatia bakuli lake. "Mwalimu alisema wageni wasionje yetu."

Nthenya alilichukua polepole, akachota kijiko kimoja, akakiinua.

Mwalimu mkuu alikuja mbio, tai ikipepea begani. "Mama, hiyo usile!"