Kuombea Kipimo Kikosee

Siku hizi kijijini kila mtu hupimwa saratani kwa tone la damu kwenye kijiti: kikigeuka chekundu unayo, kikibaki cheupe huna. Hospitali ya kuhakikisha haipo, kwa hiyo kipimo chenyewe hupimwa kwa kusubiri. Somoe, mhudumu wa afya, hupita nyumba kwa nyumba kutazama nani amekonda. Wakimwona anakuja, waliokonda huvaa nguo mbili mbili.

Leo alirudi kwake hoi, miguu imemvimba. Mumewe, mwenye kijiti chekundu, alikuwa amemaliza sufuria nzima ya ugali.

“Mama Tabia, mimi huyu ndiye mgonjwa? Kipimo chenu kimekosea!”

Somoe alitamani kucheka naye. Hapo binti yao Tabia, ambaye kijiti chake kilibaki cheupe, akaleta maji ya kunawa. Jua lilikuwa linachoma, naye amevaa magauni mawili.