Kushoto, Mama

"Kushoto, mama! Kushoto!"

Ketty akageuza uso kulia. Simu iliyokuwa ikisajili uso wake ikatoa mlio wa kukataa, mara ya tano hiyo.

Watu waliokaa pale ofisi ya manispaa na vikaratasi vyao vya foleni wakainua macho. Preben alihisi aibu ikimpanda shingoni. Saa tisa na nusu. Ikigonga kumi, kile kikadi cha namba za siri cha kufungulia akaunti kingekuwa takataka nchi nzima, na akaunti ya pensheni ya mama yake ingefunguliwa kwa uso wa mwenyewe tu. Fomu ya ruzuku ya kupasha nyumba joto nayo ilikuwa inafungwa leo, na Januari ya Jutland, huku Denmark, haina masihara.

"Miaka sita namfanyia kila kitu," alimwambia Lærke, binti wa dirishani. Akakichomoa kikadi kwenye pochi yake, akakibwaga mezani. "Huyu hata simu kuwasha hajui. Kichwa kimekwisha."

"Kimekwisha kabisa," Ketty akaitikia, akijivutia koti lake lililotoboka viwiko. "Muulize Preben, mwanangu. Vyangu vyote anavijua yeye. Na gari lake jipya, je! Viti vinapata moto vyenyewe."

"Nyamaza, mama. Hebu kodoa macho."

Ketty akayafumba.

Preben akampokonya simu. Lærke akanyoosha mkono, akaichukua.

"Mama ataingia chumba kile, peke yake. Ndiyo kanuni mpya. Wewe subiri hapa, bwana."

"Peke yake? Huyu? Mtakesha humo mpaka Pasaka!"

"Tutakesha."

Lærke akamwingiza, akamkabidhi simu, akatoka na kufunga mlango wa kioo. Preben akasimama kanuna, akingoja waje kumbembeleza aingie kusaidia.

Ndani, Ketty alivaa miwani. Kushoto. Kulia. Akapepesa macho mara mbili, chapuchapu, kama mtu aliyefanya mazoezi wiki nzima. Kisha vidole vyake vikaanza kukimbia juu ya simu.

Mfukoni mwa Preben ujumbe ukalia. Akausoma mara mbili: *Idhini yako katika akaunti ya Ketty Bruun imefutwa na mwenyewe. Benki ya kupokelea pensheni imebadilishwa.*

Alipoinua kichwa, mama yake alikuwa akimtazama kupitia kioo, macho kayakodoa, kama alivyoagizwa.