Mapigo ya Paka

Paka alikuwa ametulia kwenye meza ya upasuaji kama maji mtungini, na mashine ilikuwa ikilia ti, ti, ti, taratibu. Kibanio cha kupimia mapigo kilikuwa kimeteleza kutoka ulimini mwa paka mara mbili, basi muuguzi mwanafunzi akaingiza na kidole chake humo, akakibana pamoja na ulimi kisichomoke tena.

"Anaendelea vizuri, mwalimu. Hasikii maumivu yoyote."

Mwalimu wake hakuitazama mashine. Alikuwa ameinamia kifua cha paka, stetoskopu masikioni, na alikuwa amekawia hapo.

"Mwanangu," akasema polepole, "mimi huku sisikii kitu."

Mwanafunzi akautazama ulimi. Ulikuwa wa kijivu, unakwaruza kama msasa, na ubaridi wake ulikuwa umeshampanda hadi kiganjani. Nywele zikamsimama. Papo hapo mashine ikaanza kwenda mbio, tititititi.

"Si huo moyo, mwalimu! Unadunda! Sikia unavyodunda!"

Mwalimu akamshika mkono.

"Toa kidole chako."

Mashine ikazidi kukimbia.

"Kitoe, mwanangu."

Akakitoa. Mashine ikanyamaza.