Uso si Mlango

Nilijipaka barakoa ya mke wangu, ile ya kuondoa ngozi iliyokufa, mara tu baada ya kunyoa ndevu. Mimi ni seremala. Nilijua mbao hupigwa msasa kwanza, ndipo rangi ishike.

Ikawasha. Nikasema dawa inafanya kazi. Ikachoma. Nikavumilia, mwanamume mzima. Halafu tone likateleza likaingia jicho la kulia, lile ninalolengea ubao kuona kama umenyooka.

"Mama watoto!"

Alikuja mbio, akanikuta bafuni nimeshika taulo, tayari kusugua.

"Weka chini! Uso wako si mlango, baba. Hiyo ni ya dakika tano. Umeipaka lini?"

"Ulipotoka kwenda dukani."

"Na ndevu ulinyoa?"

"Nilinyoa."

Akaniinamisha chini ya bomba, maji ya baridi yakanimwagikia mpaka shingoni. Uso wote ulikuwa kama umepigwa pasi.

"Haya, sasa fungua jicho."

"Nimeshalifungua. Naona giza tu."

Mke wangu, ambaye hucheka hata msibani, hakucheka.