Gunia la Mchanga

Tangu msimu wa kuwinda ufungwe, kila asubuhi Masunga alipanda kilima akiwa na gunia la mchanga mgongoni, ili msimu mpya usimkute amelegea. Leo Nyamizi, mjane wa mwindaji mwenzake, alimzibia njia, kisu mkononi.

"Shemeji, gunia hilo lina uzito gani?"

"Kama wa marehemu," alijibu akihema.

"Nyati alipomjeruhi, ulituambia hukuweza kumbeba. Ukamwacha porini bado anapumua! Nguvu hizi siku ile zilikuwa wapi?"

Akalichana gunia. Mchanga ukamwagika, ukaporomoka kilimani.

Masunga alipiga magoti, akaanza kuuzoa kwa viganja na kuurudisha ndani ya gunia lilelile lililochanika.